Waridi Lililopunguzwa

Fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, ana mkono mwepesi hata nzi akipita karibu naye huogopa kutiwa vifungo. Alichonyimwa ni sikio. Cherehani imemlia kichwani tangu usichana, basi maneno humfikia yamekatika mikia.

Mama mkwe wake, anayekaa naye, alikuwa anaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Mlangoni akapapasa chungu cha waridi lake, limejaa matumba.

"Udongo umelowa chepechepe. Waridi langu ulipunguzie. Nikifunguliwa macho, nataka nilione limechanua."

"Sawa, mama," fundi akajibu, mguu haujatoka kwenye pedali.

Yeye alisikia "ulipunguze". Na kwa fundi, kupunguza ni kupunguza: kiuno, mikono, pindo. Akalipitishia mkasi kama gauni la bibi harusi aliyekondeshwa na mawazo. Nilipofuata sketi yangu, matumba yalikuwa sakafuni pamoja na vipande vya vitambaa.

"Shoga, umepogoa au umenyoa?"

"Si mama kasema nilipunguze?"

"Kasema ulipunguzie. Maji. Mimi nilimsikia toka uani."

Cherehani ikanyamaza. Tangu aolewe, mkwewe hajawahi kumkabidhi kitu, hata ufunguo. Sasa kamkabidhi kimoja, nacho ndicho hicho.

Akayafunga matumba kwa uzi, yakanyauka. Akashona maua ya hariri nyekundu, akayafumua. "Atasema namcheka upofu wake." Alijichoma sindano mpaka shati jeupe la mteja likatoka surua.

Mama mkwe akarudi nami nikiwepo, akavua miwani myeusi, akakitazama chungu. Akapapasa kijiti kimoja kimoja mpaka maji ya chai yakakauka jikoni na sufuria ikaanza kukohoa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Nilisikia vibaya."

"Lete mkasi."

Fundi akaleta, akarudi nyuma. Nami nikarudi, nani anajua.

Yule mama akainamia waridi. "Hapa umeacha kijiti kirefu, kitaoza. Kata juu kidogo ya jicho la tawi, mshazari, maji yateleze. Litachanua likijisikia."

Kisha akamgeukia mkwewe, akamkagua kuanzia paji la uso hadi kidevu, maana fundi alipoolewa, yeye alikuwa haoni tena.

"Kumbe ndiye wewe," akasema, taratibu. Macho yakapanda ukutani kwenye nguo za wateja. "Na lile gauni, pindo limekwenda upande."

Siku hizi fundi anashona huku anatazama mlango, mkwewe asije akaingia na macho yake mapya.