Kifaru Kilichobeba Pete ya Dada

Mpaka leo nikipita ule ukumbi wa Bagara natazama upande wa pili wa barabara, na nikikwambia chanzo ni waya mbili tu utadhani natafuta huruma.

Dada yangu Neema alikuwa anavishwa pete ya uchumba na mwanajeshi, nami, fundi wa kujifundisha mwenyewe (nina mota nyingi kuliko nguo), nikajitolea kuileta pete mezani juu ya kifaru cha rimoti nilichokiunda. Neema akanishika mkono: "Mdogo wangu, mama mkwe bado hajanikubali. Usiniaibishe."

Kifaru hakina usukani. Kina mota mbili, kila moja inavuta mnyororo wa upande wake; zikivuta pamoja kinaenda mbele, zikipingana kinajizungusha. Siku nne kilitembea vizuri. Asubuhi ya shughuli nikakifungua nikifute vumbi (nani alinituma?), nikakuta waya za mota ya kulia zimepishana, nyekundu mahali pa nyeusi, nikashindwa kuvumilia, nikaziunga upya zifanane na za kushoto, nikafunga bila kujaribu, eti natunza chaji. Nilisahau kwamba mota zile zimepeana migongo, na nilizipishanisha mwenyewe makusudi ili zote ziende mbele.

Ukumbini nikasukuma mbele, kifaru kikajizungusha palepale. Nikasukuma tena, kikazidi.

"Mabibi na mabwana," MC akasema, "mwenzetu ameanza kucheza kabla ya muziki."

DJ naye akaweka muziki. Kwa kuchanganyikiwa nikavuta kulia, kikaenda mbele moja kwa moja (kulia ndiyo mbele?), kikapita meza, kikaingia chini ya gauni la mama mkwe.

"Mwanangu, toa mdudu wako," akasema, kwa upole ulionitisha.

Nikavuta kushoto, kikarudi kinyumenyume, pete ikadondoka na kunasa kwenye mnyororo. Shemeji akapiga magoti kuinasua, na alipoinua kichwa Neema alikuwa amesimama mbele yake, akitaka kulia. Shemeji hakunyanyuka. Akamvisha palepale, na wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa mama mkwe, huku mimi nimeshika rimoti, sijui tena mbele ni wapi.

Pete ina mkwaruzo. Kila nikienda kula kwao Neema ananinyooshea kidole kile: "Vipi fundi, leo umerekebisha nini?"

Sijarekebisha kitu, dada. Nimeapa, kitu kikishafanya kazi, nafuta kifuniko kwa nje tu.