Mvunja kokoto aliyeijua kangaga ya Migato

Jua halijapanda, na Minza Salu amekwisha kukaa kwenye rundo lake la mawe. Analishika jiwe kwa mkono wa kushoto aliouzungushia kipande cha tairi, analigonga mara tatu, linapasuka. Wenzake wanaimba. Yeye haimbi tangu Februari.

Minza, mwenye miaka 49, anavunja kokoto kwenye kilima kimoja cha Migato, wilayani Itilima, mwaka wa kumi na moja sasa. Alianza baada ya ukame kumaliza ng'ombe wote tisa wa marehemu mumewe. Akijitahidi, hujaza ndoo kumi na tano kwa siku.

Nyuma ya kilima palikuwa na mwamba wenye ufa uliochuruzika maji. Pembeni yake uliota mmea mdogo ambao wachungaji waliupita bila kuutupia jicho. Minza aliutazama. Kila alipokwenda kunywa aliona maji yakiteleza juu ya majani yake, nayo yakibaki makavu.

"Kiangazi unakauka, utasema umekufa," anasimulia. "Mvua ikinyesha mara mbili tu, umerudi. Niliupendea hilo."

Mwaka juzi alichuma kitawi kimoja, akakikunja ndani ya gazeti, akampelekea Generoza Januarius, mtaalamu wa mimea anayesimamia kitalu cha miche mjini Bariadi. Generoza alidhani ameletewa dawa ya kienyeji. Alipofungua gazeti alikigeuza kitawi, akakitazama upande wa chini.

"Nilimuuliza, mayu, ncha yake ikigusa udongo inafanyaje?" anakumbuka, akitumia neno la Kisukuma la kumwita mama. "Akajibu papo hapo: inatoa mizizi, inazaa mtoto. Hapo nikajua."

Ilikuwa kangaga, mmea usiotoa ua wala mbegu, wa aina ambayo wataalamu huiita Adiantum philippense. Kikonyo cheusi, kinang'aa kama unywele uliopakwa mafuta. Vijani vya umbo la nusu mwezi, na vumbi la uzazi limefichwa chini ya ukingo uliokunjwa.

Generoza hakuwa amewahi kuiona porini mkoani Simiyu. Walipanda kilima pamoja, wakahesabu mashina arobaini na moja. Akaahidi kuiandikia wilaya barua ili mwamba ule uachwe.

Barua iliandikwa. Majibu hayakuja.

Februari mwaka huu Minza alikwenda Nyashimo kumzika dada yake. Alikaa siku nne. Aliporudi alikuta mwamba umechomwa kwa matairi na kupasuliwa, maji yamepotelea ardhini. Aliyefanya hivyo ni Josia Mayige, mvunja kokoto mwenzake, baba wa watoto sita.

"Alinifuata mwenyewe," anasema Minza. "Akaniambia, 'Mayu, mawe ya upande wangu yameisha. Wanangu wangekula majani yako?' Ningemlaumuje? Nusu ya kilima hiki nimeivunja mimi."

Alifukua masizi kwa mikono, akapata mashina matatu yenye uhai. Mawili yalikufa njiani. Lililobaki lipo kitaluni, kivulini, na halijatoa jani hata moja. Generoza hataki kumdanganya. "Huenda lisitoe," anasema.

Minza hasubiri barua tena. Mvua za vuli zikianza ataacha nyundo wiki nzima, apande vilima vya Itilima na Generoza kutafuta miamba inayochuruzika. Wiki hiyo hatakuwa na kipato.

"Na nikiipata," anasema akiokota jiwe jingine, "simwambii mtu. Hata wewe mwandishi sikwambii."