Mjaza Mitungi

Mjaza mitungi wa kisiwani kwetu hamkabidhi mzamiaji mtungi kabla hajaivuta hewa yake kwanza, kafumba macho, akitafuta harufu ya moshi wa jenereta. Shifaz, nahodha wetu, humchokoza: "Kaka, utatumalizia hewa." Wageni wanaokuja Maldivi kujifunza kuzamia humuuliza mtungi unadumu muda gani. Huwaambia, "Ukiogopa unaisha upesi. Na huko chini usibane pumzi hata kidogo." Juzi alizamia bintiye kwa mara ya kwanza. Mtungi wake aliuvuta mara tatu. Kisha akaketi gatini, vidole vyake vilivyochubuliwa na koki vimeng'ang'ania kamba, akifuata mapovu kwa macho. Mawimbi yalipoyaficha, niliona kifua cha baba mtu hakipandi wala hakishuki. Binti akaibuka, akamtazama, akatoa mpira wa hewa mdomoni. "Baba," alisema, "pumua."