Maji kwa Mtoto Anayeharisha

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, wewe unayeanza kazi wodini. Ilikuwa miaka ya sabini, katika hospitali moja ya Mbeya, nami nilikuwa muuguzi mbichi kutoka Iringa, najiona najua kila kitu.

Mkuu wa wodi ya watoto alikuwa Sista Atupele, mama wa Kinyakyusa, mpole lakini kazini hana mchezo. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtoto anayeharisha apumzishwe tumbo: asinyonye wala asinywe mpaka kuhara kukome. Ndivyo alivyofundishwa naye, na sisi tuliishika kama amri. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi kutoka semina ya wauguzi.

Alimkuta Masanja, mtoto mchanga wa wafugaji wa Usangu, macho yameingia ndani, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Dripu zilikuwa zimetuishia. Mama yake tulikuwa tumemnyang'anya kikombe cha maji jana yake.

Sista aliagiza maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari. Akapima mwenyewe, akakoroga, akaonja chumvi isizidi ile ya machozi. Nikamuuliza kwa adabu, "Sista, si wewe uliyetukataza?"

"Ni mimi. Lakini wako watu wamewachunguza watoto wengi kuliko niliowaona mimi, na huko semina nimesoma waliyoyaandika. Mtoto anakufa kwa kukauka, mwanangu, si kwa kunywa."

Mama Masanja hakukubali kushika kijiko. "Jana mmenikataza, leo mnasema nimpe. Sasa mimi nishike lipi?"

Sista akachuchumaa mbele yake. "Shika la leo, mama. Jana tulikosea sisi. Na ziwa mpe pia."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkubwa kukiri kosa mbele ya wodi nzima, kwetu hilo halikuwapo. Mama akachukua kijiko. Tulimnywesha kidogo kidogo, akitapika tunasubiri, tunaanza tena. Jioni mtoto akamkojolea mama yake mapajani, na yule mama akacheka huku machozi yanamtiririka. Mkojo ule, dalili kwamba maji yamemrudia mwilini, ulitufurahisha kuliko mshahara.

Nilimkuta Sista peke yake anaosha vikombe, analia. Nikadhani ni furaha. Akaniambia, "Nawakumbuka watoto wale wa zamani tuliowanyima maji wakatufia, wengine kwa majina. Ndiyo maana hili sikutaka lisubiri hata kesho." Nikachukua kitambaa, nikamsaidia kufuta.

Basi, mwanangu, mazoea ya wodi usiyafanye dini. Soma. Likija jambo jipya usilimeze tu; uliza limechunguzwaje, na kwa wagonjwa gani. Likithibitika, lifanye, hata kama linaiangusha kauli yako mwenyewe, na umweleze mgonjwa ukweli bila kuzungukazunguka. Utaona aibu kidogo, lakini aibu hupita. Hata haya ninayokwambia leo, siku ikionekana si sahihi, yaache, wala usinionee haya mimi bibi yako.

Mungu aibariki mikono yako, awape afya wote watakaopita humo wodini, na akujalie moyo mwepesi wa kubadilika wakati mtoto bado anapumua.