Kidole cha Mama Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye nyumba ndogo ya uchapishaji, hapa Makiso, katikati ya mji, nikiwa na muswada kwapani na kiburi kisicho na kipimo. Nilikuwa nimetunga hadithi ya mashine inayosoma mawazo ya watu. Mhariri mkuu, mzee mfupi asiyependa salamu ndefu, alisoma kurasa tatu tu, akaurudisha mezani.

"Bon, petit, hii mashine uliiona wapi?"

"Niliiwaza, chef."

"Enda kwanza uone yenye iko. Kisha uiongezee miaka tano. Ukipita pale, batu banacheka tu."

Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote: riwaya za kesho ya karibu. Ninyi vijana mnaoniuliza siri yake mnadhani ni kuota. Wapi! Ni kukaa kwenye ofisi za watu, daftari magotini, mpaka wakusahau. Tulikuwa na kitu tulichokiita msumari, yaani jambo moja dogo la kweli linaloshikilia uongo wote wa kitabu. Muswada usio na msumari haukufika kwenye prufu, zile karatasi za majaribio tunazosahihisha kabla ya kuchapa.

Mhariri mkuu alipoondoka, akaja mkurugenzi aliyetaka vitabu viwili kila mwaka. Huyo ndiye aliyenituma Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye ofisi ya kuandikisha raia, nikatafute msumari.

Mwendesha mashine pale alikuwa Mama Zaina, binti wa mafundi cherehani wa mjini, Mwislamu, mkali wa maneno. Alibonyeza vidole vya mtu kwenye kioo: taa ya kijani, umeandikwa; nyekundu, rudi nyumbani. Siku hiyo aliingia Papa Lokwa, mvuvi wa Yanonge. Nyavu na kasia zilikuwa zimelamba vidole vyake, havikubaki na mstari hata mmoja. Nyekundu. Akajaribu tena, nyekundu. Mama Zaina akatazama mlangoni, kisha akaweka kidole chake mwenyewe, kile kidogo cha mkono wa kushoto. Taa ikawaka kijani.

Aliona nimeona. "Vidole ya papa huyu imekwisha na nyavu," akaniambia. "Mashine inasema mutu haiko. Alors, mutu anakohoa mbele yangu, miye niseme haiko?"

Kumbe aliwafanyia hivyo wavuvi wengi wenye vidole vilivyolika. Kila waliporudi na kadi zao, kidole kile kile ndicho kilichowafungulia.

"Papa, hii usiandike."

"Mama, ni riwaya tu," nikamjibu. Nilikuwa nimekwisha kuandika.

Kitabu kilisifiwa kuliko vyote nilivyotoa. Mkuu wa masjala, ofisi inayotunza majina yote ya raia, aliniita kwake, akanimiminia kahawa kwa mkono wake.

"Félicitations, Papa. Kidole kidogo, mukono ya kushoto! Mutu hawezi kuwaza kitu ya vile. Uliona, ao?"

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu kama bwana harusi. Hakuniuliza zaidi. Mafundi wake wakatafuta kidole kimoja chenye majina mengi, wakakipata. Mama Zaina akafukuzwa kazi, na wavuvi wote wakafutwa, kwa kuwa mashine iliwahesabu kuwa mtu mmoja.

Masika yaliyofuata Papa Lokwa alifariki. Mjane wake, Mama Bolumbu, alihitaji hati ya kifo, la sivyo shemeji zake wangemtoa nyumbani. Ofisini wakamwambia hawawezi kuandika kifo cha mtu asiyeandikwa. Akavuka mto, akanijia.

"Papa, weye ulimuandika. Twende na kitabu."

Twende, nikasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilipumua. Binti yake alikuwa amemsomea ukurasa ule mara nyingi, hata kule ofisini mama mwenyewe aliufungua mbele ya karani bila kutafuta. Kila kitu kilikuwamo: kovu la shavuni, kikohozi, vidole. Karani akasoma taratibu, akatikisa kichwa.

"Iko yeye kabisa. Nilimujua. Lakini jina Lokwa iko wapi?"

Halikuwamo. Nilimpa jina jingine, kama tulivyofundishwa kuwaficha watu tunaowachukua. Nikaapa mbele yake kwamba ni yeye. Karani akasema riwaya si hati, na hapo alisema kweli.

Niliandika barua ya kustaafu wiki ile ile. Mama Zaina anauza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Nikipita anageuka kupanga samaki wake, nami sisimami. Vijana wananihimiza nitoe kitabu kingine, safari hii nimtaje mzee yule kwa jina lake halisi. Haya, nimemtaja: Lokwa, mvuvi wa Yanonge. Nyumba yake wamekwisha kuichukua.