Fundi Lugano na Ngoma ya Wajapani

Mimi Hajira nimepakana ukuta na Lugano miaka kumi na minne hapa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Yeye anatengeneza majeneza, mimi nashona nguo, na vumbi la mbao zake nimelila kuliko ugali. Tumegombania hilo vumbi mpaka tumechoka. Lakini fundi kama yule sijamwona, na anayebisha aje anibishie mimi.

Taabu yake ilikuwa moja. Hapa kwetu mtu akifiwa anakimbilia kwa Lugano, akitaka kabati anapita mlangoni kwake kama hamwoni. Wanasema mkono uliozoea kupimia maiti usiguse vitu vya walio hai. Hata mimi meza yangu ya cherehani niliinunua Mbeya, nikaishusha kwenye gari mbele ya macho yake. Alinisaidia kuiingiza ndani.

Mwaka huu binti yake Tusekile aliposwa na Noah, kijana wa Suma. Lugano alikuwa na mbao za mninga alizozitunza darini miaka sita, zimekauka barabara, kwa ajili ya kitanda cha binti huyo. Mama yake Noah, anaitwa Tumpe, alipopata habari akaja kusema wazi.

"Baba Tusekile, binti tunampenda. Ila kitanda chako hakiingii kwangu. Wajukuu wangu hawatalala juu ya kazi ya mtu wa makaburini."

Lugano alimwitikia kwa heshima, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi aliniambia, "Mama Muddy, hata mwanangu?" Iliniuma kweli.

Zikiwa zimebaki wiki mbili harusi ifike, ndipo wakaja Wajapani. Kikundi cha wapiga ngoma, watu tisa, wanazunguka mikoani, na onyesho la Tukuyu lilikuwa Jumamosi mchana. Ijumaa asubuhi walikuwa wanashusha mizigo kwenye ngazi za ukumbi, mvua imelowesha kila kitu, stendi ya ngoma yao kubwa ikawaponyoka na kupasuka miguu. Ngoma yenyewe ilikuwa salama. Ni gogo zima lililochongwa ndani, ngozi ya ng'ombe pande zote mbili, watu wanne wanaibeba kwa taabu. Huwezi kuiweka juu ya kiti.

Afisa utamaduni wa wilaya, Prosper, kijana wa Bukoba aliyehamishiwa huku juzijuzi, alikuja mtaani kwetu na kiongozi wao, mzee mwembamba anaitwa Okabe. Akaniuliza mimi fundi mzuri wa mbao yuko wapi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwelekeza mtaa wa pili.

"Na huyu?" akauliza, akimwangalia Lugano anapiga randa.

"Huyu ni wa majeneza."

"Kwetu fundi ni fundi," akasema, akaingia.

Okabe alipitisha kidole kwenye kona ya jeneza, pale mbao mbili zinapokutana, akatafuta msumari asiuone. Akacheka kidogo. Kisha akatoa simu na kuonyesha picha ya stendi ilivyokuwa kabla haijapasuka.

Lugano alitazama picha, akatazama dari. "Msonobari hautabeba hii," alisema. Akapanda juu, akaanza kushusha zile mbao za mninga.

Nilimkimbilia. "Baba Tusekile, hizo si za mtoto?"

"Za mtoto zimekataliwa," alisema. "Basi zipigiwe ngoma."

Alikuwa amekasirika, na hasira yote ikaishia kwenye patasi. Alichonga ndimi na matundu, kila ulimi ukaingia tunduni mwake kwa kugongwa, bila msumari hata mmoja. Adhana ya magharibi ilimkuta amemaliza. Akapanda juu ya stendi, akarukaruka mbele ya watu wa mtaa. "Apande mwingine," akasema. Tulipanda watatu.

Jumamosi ukumbi ulijaa, watu wametoka mpaka Masukulu. Maneno nayo yalikuwa yametangulia, kwamba ngoma imewekwa juu ya mbao za majeneza. Akina mama wawili wa mbele wakahama na watoto wao. Tumpe hakuhama. Alikuwa amekuja na Noah, akakaa mstari wa kwanza, mkoba mapajani, macho kwenye stendi. Lugano alisimama mlangoni, nami pembeni yake. Stendi ile ingevunjika mbele ya wilaya nzima, asingeuza tena hata jeneza.

Walianza na ngoma ndogo. Mikono inapanda pamoja, inashuka pamoja, wanapigiana kelele za kupeana nguvu, mpaka vioo vya madirisha vikawa vinatetemeka. Mvua ilikuwa inalipiga bati na hatukuisikia. Ngoma nazijua tangu utoto, lakini hizi ziliingia kifuani bila hodi. Kisha wote wakanyamaza, Okabe akasimama mbele ya ile kubwa, mgongo kwetu, magongo mawili mkononi.

Mimi sikumwangalia yeye, niliangalia viungo vya stendi. Alipiga polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa nguvu ambazo sikujua mzee yule anazo, dakika kumi nzima. Lugano hakupepesa jicho.

"Haiendi popote," aliniambia sikioni. "Tulia utazame ngoma, Mama Muddy."

Na kweli haikwenda popote. Okabe alipomaliza, jasho linamtiririka, alimwita Lugano jukwaani, akainama mbele yake mpaka kiunoni. Prosper akatafsiri Kiingereza chake: wanaomba waondoke na stendi hii, ile ya zamani hawaitaki tena. Lugano akasema wachukue. Ukumbi mzima ulisimama kushangilia, na mimi nililia, sifichi. Nililia kwa furaha, na kwa aibu ya ile meza yangu.

Jumatatu asubuhi Tumpe akapiga hodi kwa Lugano. Niliacha cherehani nikasogea ukutani, nisidanganye.

"Ndaga, Baba Tusekile," alisalimia. "Juzi nilikaa mbele kusudi. Nilikuwa nasubiri stendi yako ilie. Mzee yule alipiga vile, na haikulia hata mara moja."

"Hailii," alisema Lugano.

"Kitanda changu cha dukani, nikijigeuza tu nyumba nzima inajua." Akasogea karibu. "Nilikukosea. Watengenezee watoto kitanda."

Lugano aliweka randa chini. "Mama, mninga umeondoka na Wajapani. Nikipata mwingine leo utakuwa mbichi, unataka miezi ukauke. Na harusi ni wiki ijayo. Kanunueni tu, sina kinyongo."

Tumpe alikusanya kitenge chake, akakaa juu ya jeneza bila hata kulipangusa vumbi.

"Cha kununua sikitaki," alisema. "Watalala chini mpaka mbao zikauke."