Byarugaba na Sifa za Mpiga Gitaa

Byarugaba wa Kaagya ana ekari mbili za migomba na kahawa, mke anayeitwa Edvina, na ubishi mmoja alioutunza kwa zaidi ya miaka arobaini. Watu wakikaa kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na mmoja akamsifu Nathanieli, yule mpiga gitaa wa Bukoba, Byarugaba huweka kibuyu chini na kuanza upya.

Hoja yake ni moja. Ile solo iliyompa Nathanieli jina ni wimbo wa enanga, kinanda chetu cha nyuzi, na mwenye wimbo alikuwa Mzee Mwesiga, baba yake Byarugaba. Miaka ya sabini Nathanieli alikuja kwa mzee huyo kwa baiskeli, akakaa mkekani miezi mingi akimsikiliza, kisha akaenda mjini akauhamishia wimbo kwenye gitaa la umeme. Akawa maarufu. Mzee Mwesiga alizikwa kwenye kibanja chake na hakuna aliyemtaja tena. Wanywaji wenzake Byarugaba humjibu kwamba vidole vilikuwa vya Nathanieli. Byarugaba hakubali ng'o.

Mwaka jana alipiga simu redioni, kwenye kipindi cha nyimbo za zamani, akasema hewani kwamba Nathanieli ni mwizi. Hapo alipitiliza, tuseme ukweli.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Nathanieli akaja mwenyewe, mzee wa miaka sabini na sita mwenye mkongojo. Edvina akawahi kumletea kahawa ya kutafuna, na kwetu mgeni akishatafuna kahawa yako huwezi tena kumfokea. Byarugaba akaketi na hasira zake.

Mgeni hakukana kitu. Alisema wimbo ni wa Mzee Mwesiga, na zamani alikuwa akilitangaza hilo jukwaani, ila watu walikuja kucheza dansi, hawakuja kusikiliza historia. Akaomba enanga iliyotundikwa ukutani. Akakaza nyuzi, akaupiga wimbo wote taratibu, pamoja na vipande ambavyo havikuwahi kuingia kwenye gitaa. Kisha akamnyooshea Byarugaba ile enanga, akamwomba apige chochote anachokikumbuka kwa baba yake.

Byarugaba hakuipokea. Hajui kupiga. Aliokoka akiwa na miaka kumi na saba, wakati wainjilisti wakisema enanga ni mambo ya kipagani, naye miaka ile akawa mkali kuliko wao. Baba yake akianza tu kupiga, yeye alitoka nje na kufunga mlango. Hilo hakuwahi kuligusia kwenye lubisi.

Nathanieli akairudisha enanga mapajani, akamtazama mwenyeji wake.

"Mimi nilikuja kusikiliza siku moja tu," akasema. "Baba yako ndiye aliyeniambia nirudi. Mkeka ule ulikuwa wako, waitu, ndugu yangu. Kila siku alichelewa kuanza, anatazama mlangoni. Akiona huji, ndipo ananiambia, basi kaa wewe."

Byarugaba alilia mbele ya mkewe na mgeni, bila kujificha. Ana miaka sitini na minane, na katika nyimbo zote za baba yake anaujua mmoja tu, ule aliousikia kwenye gitaa la Nathanieli.